Moto azali te

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha saluni, kitambaa kimenibana shingoni, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, simu ya kinyozi ikaita. Akazima mashine, akapokea, akaanza kushusha Kilingala kwa ile spidi yao ambayo sisi wengine tunabaki kuokota neno moja moja kama kuku anayedonoa mchele mchangani.

Nikaokota moja. Moto.

Akarudia. "Moto azali te. Moto moko te."

Nikageuka fasta. Nikaangalia soketi ya ukutani, ile yenye eksitensheni na chaja nne zinaning'inia, nikajisemea kama ni moto basi umeanzia hapa. Nikaangalia hita ya maji. Nikavuta pua kutafuta harufu ya waya unaoungua. Hamna kitu, ni ile spiriti yao tu na poda.

"Yaya, unatafuta nini?"

"Si umesema moto?"

Alicheka mpaka akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mashine mkononi. Alipopata pumzi akanielewesha kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Hapana moto ya kuunguza, yaya. Moto, ni mutu. Bosi anauliza kama kuko batu ku saluni."

(Hiyo "yaya" nayo ina kesi yake. Siku ya kwanza kuniita hivyo nilikaribia kuondoka, mi na ndevu zangu niitwe yaya, kwani nimemlelea mtoto gani? Kumbe kwao yaya ni kaka au dada mkubwa, ni heshima kabisa. Nilipaswa kujifunza siku ile ile kwamba na huyu jamaa usiamini neno kwa sura yake.)

Akamalizia upande uliobaki, nikalipa, nikaondoka. Ila ile kitu haikuondoka.

Nilivyoharibu

Njia nzima kwenye daladala nafikiria neno moja. Moto ni mtu. Watu wa Mto Kongo wanamuita binadamu moto! Yaani mtu anawaka, ana joto, ana mwanga, akifa anazimika na mwili unapoa, anabaki jivu. Na sisi tuna ile methali, moto huzaa jivu. Nikaona nimegundua kitu ambacho mababu walikijua na sisi tumekisahau kwa sababu ya kukimbizana na vikoba na foleni.

Nikafika nyumbani nikaandika aya tatu, nikatupia kwenye grupu la familia. Kwa kujiamini kabisa.

Mikono ikapigwa makofi, ile ya njano. Shangazi akaweka maua. Baada ya siku mbili ile meseji ikanirudia kutoka kwa mtu wa kazini, ina vile vimishale viwili vya kuonyesha imeshasambazwa sana, na mtu kaiongezea mwishoni "mpe mwenzio asome".

Na wiki iliyofuata tulikuwa na harusi Tabata. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kupewa maiki akairudisha mapema, alisimama kutoa nasaha. "Ndugu zetu wa Kongo," akasema, "mtu wanamuita moto. Bwana harusi, leo umekabidhiwa moto. Ukiutunza utakupikia, ukiuchezea utakiona cha moto!" Vigelegele ukumbi mzima. Akanionyesha kwa kidole, ule utafiti ni wa mpwa wangu yule pale.

Nikapunga mkono. Nimekunja sura ya mtu msomi.

Hapo nilikuwa sijaangalia hata kamusi moja.

Sentensi ya kinyozi

Niliporudi saluni nikamwaga nadharia yangu yote kwa mwenye lugha, nikisubiri anikubali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akaniambia nirudie baada yake:

"Moto ebeti moto na moto, moto epeli."

Nikarudia. Akaniuliza nimeelewa nini. Nikamwambia moto, moto, moto na moto.

Akatafsiri kwa vidole. Ya kwanza ni pikipiki. Ya pili ni mtu. Ya tatu ni kichwa. Ya nne ndo ya kuwaka sasa. Yaani pikipiki imemgonga mtu kichwani, moto ukawaka.

Ile ya pikipiki wameitoa kwenye Kifaransa. Huko Bukavu, Goma, Bujumbura na Kigali mtu akikwambia amekuja na moto usimwonee huruma, amekuja na bodaboda. Wafaransa nao walilikata neno refu, motocyclette, ambalo ndugu wawili wa Paris wanaoitwa Werner ndo walilianzisha kama jina la biashara mwishoni mwa miaka ya 1890. Ukifuata zaidi unafika kwenye Kilatini, kitenzi cha kusogea na kusogeza, ambako ndo mota zote za dunia zimetoka.

Kwahiyo hiyo ni ya wageni, haina undugu na mtu wala kichwa wala moto wa jikoni. Sawa. Nikamwambia hizo tatu za kwenu je, si ni neno moja lenye maana tatu? Mtu, kichwa, moto. Si bado inapendeza?

Akasema hapana. "Sikia muzuri, yaya."

Akazitamka moja moja. Mi nikasikia moto, moto, moto. Akarudia taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mtu, sauti iko chini mwanzo mpaka mwisho, imetulia. Kichwa, inaanzia chini inapanda mwishoni. Ule wa kuwaka inaanzia juu inashuka, halafu "o" zake zote mbili ni pana, mdomo unafunguka kama unataka kushangaa.

Sikio la Mswahili limekufa kwenye hilo jambo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, ukishajua hiyo umemaliza, hatupandi wala hatushuki kubadilisha maana. Na wao wenyewe wakichati hawaweki alama za juu ya herufi, wote wanaandika m-o-t-o. Ni maneno matatu yamevaa sare moja, na mi nilikuwa nimeona sare nikasema hawa ni mapacha.

Nilipanda daladala nikiwa nimenyoa vizuri na nimeaibika vizuri.

Mutu katikati

Kilichonikera ni kwamba jibu lilikuwa mdomoni mwake tangu siku ya kwanza na sikulisikia. Alisema, moto ni *mutu*.

Sisi tunaandika mtu, ila ile "m" imebeba "u" iliyomezwa, na wazee wa bara wengi na Wakongo wa mashariki bado wanaitamka wazi, mutu. Sasa weka mtu, mutu, moto kwenye mstari mmoja. Halafu muombe Mkongo aseme kufa, atakwambia kokufa. Muombe aseme twende, atakwambia tokende. Ku yetu ni ko yao, tu yetu ni to yao, mu yetu ni mo yao.

Mu-tu. Mo-to.

Aisee nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Ni mtu. Ni neno lile lile letu la kila siku, halina fumbo, halina cheche za mababu, ni mtu kavaa irabu za Kongo. Na wingi wake ni bato, ambao ni watu, ambao Wazulu wanasema abantu, ambao ndo lile jina Mjerumani Wilhelm Bleek alilitumia kwenye kitabu chake cha 1862 kuita familia nzima ya lugha hizi. Utu wao wanauita bomoto. Ukiliangalia haraka unaona bomu na moto, ukilipasua unaona u-m-tu.

Baadaye akaja Malcolm Guthrie akazipa lugha za Kibantu namba kama nyumba za mtaa, Kilingala kikawa C36d na Kiswahili cha Unguja G42d. Mitaa miwili tofauti kabisa. Ndo maana mi baba yangu, kijana wa enzi za bendi za Maquis na Makassy, aliimba Kilingala maisha yake yote kwa kufuata sauti bila kuelewa mstari hata mmoja, akiamini kabisa kwamba nusu ya zile nyimbo zinahusu moto.

Zilikuwa zinahusu watu. Fulani kamwacha fulani.

T mbili

Bado nilikuwa na kiburi kidogo. Nikasema sawa, moto ya Kilingala ni mtu. Lakini nani kasema huko nyuma kabisa, kabla lugha hazijagawanyika, mtu na moto havikuwa kitu kimoja? Si yanafanana mpaka leo? M-t-u, m-o-t-o. Nilikuwa nimeshika huo uzi kama mtu anayeshika bomba la daladala lililojaa, ukiachia unaanguka.

Aliyeniachisha ni jirani yangu Mgiriama wa Malindi, tena bila kukusudia. Tulikuwa tunasubiri maji ya bomba, nikamuuliza kwenu moto mnaitaje. Akasema *moho*. Mtu je? *Mutu*.

Nikamwambia ngoja. Tatu je?

*Hahu*.

Ukiona hapo hujashtuka ngoja nikuelezee kilichonitokea mi. Kigiriama kimechukua "t" ya kawaida ya zamani kikaigeuza "h", tatu ikawa hahu, moto ikawa moho. Lakini mtu haikugeuka. Imebaki mutu. Kwa nini? Kwa sababu "t" ya mtu haikuwa ya kawaida, ilikuwa na "n" mbele yake imeikinga, muntu, kama ambavyo mpaka leo Mchewa anasema munthu na Mzulu anasema umuntu. Sisi waswahili tuliimeza ile "n", ndo maana ukimsikiliza mtu wa Lamu au Mombasa asilia, "t" ya mtu inatoka na pumzi nyuma yake, ni kama kovu la ile "n" iliyong'olewa.

Kwa hiyo ni t mbili tofauti. Moja ilikuwa inatembea na mlinzi, nyingine inatembea peke yake, na ilipokuja mvua ya kubadilika iliyolowa ni ile isiyo na mwavuli.

Mtu na moto hawajawahi kuwa ndugu. Hata zamani za kale. Wamefanana sura tu, kama wewe na yule jamaa ambaye watu wanakusimamisha Kariakoo wakikuita jina lake.

Maji yalipotoka nilijaza ndoo nikasahau kufunga koki.

Kuota moto

Sasa ukishaua nadharia yako mwenyewe unabaki na maiti. Nikawa najiuliza, kama moto sio mtu, basi moto ni nani?

Hapa ndo niliganda wiki nzima. Maana jibu nalo liko kwenye kauli tunayosema kila siku: *kuota moto*. Huyu ni moto wa kuotea mbali. Watoto wanaota moto.

Kwanza ilibidi nizitenganishe hizo ota, maana Kiswahili kina ota za kutosha. Mbegu inaota. Mtu analala anaota. Mtu ana baridi anaota. Nadharia nyingine ikaanza kunijia hapo hapo (sikomi jamani), kwamba aliyekaa mbele ya moto usiku anasinzia anaona njozi, kwahiyo kuota ni kuota. Safari hii nikajizuia, nikaenda kuuliza kwanza. Kinyozi akasema kuota ndoto kwao ni *kolota*. Waganda wanasema *okuloota*, Wanyarwanda *kurota*. Unaona hiyo "l" au "r" katikati? Sisi tuliidondosha njiani, tuna tabia hiyo, lakini ikabaki imejificha kwenye *ndoto*, imegeuka "d" baada ya "n". Ya kuota moto haina kitu katikati. Mnyarwanda anasema *kota*, Mganda anasema *okwota*. Ni maneno mawili, nayo yamevaa sare.

Na hii ya pili, ya kujipasha joto, ndo mama yake moto.

Toa "m", ile m- ya mti na mto na mkono. Inabaki -oto. Ni kama unavyosema cheza ukapata mchezo. Moto ni kile kinachootwa. Waganda wametoa humo humo *ekyoto*, sehemu ya kukokea moto mtu akakaa kando yake, na Washona wana *choto*, meko. Wazee waliolipa jina hili jambo, hawakuliita kwa kuunguza. Hawakuliita kwa kuwaka wala kwa mwanga wala kwa kupika. Waliliita kwa kusogea karibu mikono imenyooshwa.

Nilikumbuka kwa bibi, Juni, baridi ile ya Njombe inayoingia kwenye mifupa. Jioni tunapanga mstari kuzunguka mafiga, magoti yanaungua na mgongo umeganda, unageuka, mgongo unaungua na magoti yanaganda. Bibi anasukuma ukuni kwa mguu bila kuangalia. Hapo mtu akisema moto hakuna anayefikiria zimamoto.

Sio lugha zote zilichagua hivyo lakini. Kuna kundi jingine kubwa, omuliro wa Waganda, umuriro wa Wanyarwanda na Warundi, umlilo wa Wazulu, hao wana shina jingine kabisa. Kinyarwanda umuriro ni moto, ni umeme, ni homa. Ukiwa Kigali umeme ukikatika, moto umekwenda.

Na ni huko Buganda ambako kidogo nirudie dhambi yangu. Kwenye ikulu ya Mengo kuna moto langoni unaitwa Gombolola, unawaka muda wote Kabaka, mfalme wao, akiwa hai. Kabaka akifariki, moto unazimwa. Niliposoma hivyo nikafunga simu nikaiweka kifuani. Mtu ni moto! Iko pale, wanaifanya kabisa, sio kwa herufi bali kwa kuni.

Nikaifungua tena simu kwenda kwenye grupu. Nikaandika. Nikafuta. Kabaka mmoja na kuni zake si ushahidi kuhusu neno la Kilingala. Nilijua kabisa ninachotaka kufanya, nilitaka mjomba awe sahihi ili na mimi niwe sahihi.

Moto za wengine

Nikishaanza hivyo huwa sikai chini, kwahiyo nikazurura kidogo.

Kwa Wagujarati moto ni mkubwa. "T" yao ulimi unakunjwa nyuma kugusa paa la mdomo, sio hii yetu ya kwenye ufizi. Kaka mkubwa ni *motabhai*, na kama umewahi kusimama dukani kwa Muhindi pale mjini ukasikia moto ikitajwa, hakuna aliyekuwa anaongelea bima.

Kwa Wajapani moto ni chanzo, shina, chini ya kitu. Yamamoto ni shina la mlima, Matsumoto shina la msonobari, Hashimoto pale daraja linapoanzia. Ajinomoto ni chanzo cha ladha, waliipa jina hilo walipoanza kuiuza mwaka 1909 baada ya profesa Kikunae Ikeda kuikamua kutoka kwenye mwani wa baharini. Na jina la Japani lenyewe, zile herufi mbili, zikisomwa kwa njia ya zamani ni *Hi no Moto*, chanzo cha jua. Mpaka hapo sawa. Ila "hi" kwa Kijapani ikiandikwa kwa herufi nyingine ni moto wa kuwaka, kwahiyo *hi no moto* hiyo hiyo ni chanzo cha moto, wanaiandika kwenye matangazo ya tahadhari, angalia hi no moto kabla ya kulala, jiko, hita, sigara. Fikiria Mswahili amelala gesti Osaka anasoma hilo tangazo kwa herufi za Kirumi. Ataelewa nusu, na ataelewa nusu isiyo sahihi, na bado ataenda kuzima jiko.

Waingereza walituletea motor car tukasikia motokaa. Moto, na kaa. Kaa la moto! Sitaki kusema kuna aliyefikiria hivyo, ila hilo neno lilipoingia lilikuta kiti kimeshawekwa na mto juu yake. Waganda wakachukua *emmotoka*, Wanyarwanda *imodoka*, Wazulu *imoto*. Wachewa wa Malawi ndo walinimaliza, wao gari ni *galimoto*. Gari mbele, moto nyuma, kwa mpangilio wetu wa Kibantu na siyo wa Kiingereza. Sisi gari la moshi tukawapa reli, wao wakachukua la moto wakaweka barabarani. Watoto wao wanatengeneza vigari vya waya, navyo ni galimoto, na waya haujawahi kuwaka.

Na simu za Moto zimetoka kwa Motorola, jina la mwaka 1930 la redio ya kwenye gari, kampuni ya Chicago. Motor, na "ola" waliyoidandia kwa sababu enzi zile kila chombo cha muziki kilipewa jina linaloishia na ola. Basi. Simu yangu ilikuwa hiyo, na betri yake ilikuwa inachemka, kwahiyo hapo nakubali walijua.

Grupu

Ilibidi nirekebishe. Nikaandika usiku, nikaweka kila kitu, mutu na mtu na moto, sauti ya chini na ya juu, Wagiriama na t zao, bibi na mafiga. Nikaomba radhi. Nikamtaja mjomba kwa heshima, kwamba mjomba alinukuu kwa nia njema na kosa ni langu.

Kimya.

Asubuhi shangazi akaweka maua, yale yale, nadhani huwa hasomi. Binamu akauliza nani anakuja Jumamosi. Mjomba akapiga simu kabisa.

"Mpwa wangu, nimesoma."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sasa ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?"

Nikamwelezea upya. Akanisikiliza, nasikia tivii nyuma yake.

"Kwahiyo Wakongo mtu wanamuita mtu."

"Ndiyo mjomba."

"Hiyo huwezi kuisema harusini."

Nikakosa la kujibu. Akaniambia Oktoba kuna harusi nyingine, upande wa mke wake, na yeye ataendelea na ile ya kwanza mpaka nimtafutie iliyo bora. Nikampa ya kuota, mjomba sema moto ni kile cha kusogelea ukaota, ndoa ni hivyo. Akafikiria. "Hiyo inakaribia," akasema, "lakini haina utakiona cha moto."

Ile meseji ya kwanza bado inazunguka. Juzi imeletwa na mtu nisiyemjua kwenye grupu la wazazi wa shule, imeongezewa picha ya machweo.

Kitu kingine

Kuna jambo moja liliniamsha saa tisa usiku, wiki kama tano baada ya siku ile ya kwanza. Niliamka nikakaa.

Bosi alipiga akauliza kama kuna watu saluni. Kinyozi akajibu, moto azali te. Mtu hayupo. Moto moko te. Hata mmoja.

Na mi nilikuwa kwenye kiti! Nusu kichwa!

Wiki tano nachambua neno, herufi kwa herufi, mpaka kwa Wajapani nimefika, na sentensi nzima sikuisikia. Hesabu ya siku ile ya bosi wake, mi simo. Elfu tano yangu haikuzaliwa.

Nilienda Jumamosi. Sikumwambia kitu, sio kazi yangu, na bosi wenyewe sijui anamlipaje. Nikakaa, akanifunga kitambaa, tukaongea mpira. Alipomaliza upande wa kwanza simu ikaita.

Akaangalia jina. Akaniangalia mi kwenye kioo, na mi nilikuwa namwangalia yeye, labda nilikunja sura ya msomi. Akapokea. Akasikiliza. Akakohoa.

"Moto moko azali awa," akasema.

Sikugeuka kuangalia soketi. Akaweka simu mezani, akamaliza kunyoa kimya kimya, akatoa taulo kwenye maji ya hita, akalikamua, akanifunika uso mzima. Giza, mvuke, sabuni.

"Moto?" akaniuliza.

"Moto," nikamjibu.